Jiwe la figo limebaki: tatizo ni wati za leza?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, mkulima wa korosho Newala. Miezi miwili iliyopita nilivunjwa jiwe la milimita 17 kwenye figo ya kushoto kwa leza, Dar es Salaam. Kazi ilichukua saa moja na nusu, lakini picha ya CT ya juzi imeonyesha kipande cha milimita 6 sehemu ya chini ya figo. Mrija wa kupitisha mkojo walioniwekea ndani bado ninao. Jamaa yangu anasema mashine ilikuwa dhaifu, ipo leza ya wati nyingi inayomaliza kwa dakika 20. Niitafute? Na kwa sasa ninywe ile dawa ya chupa ya kuyeyusha mawe?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hili la wati naulizwa kila mara, na linanichosha. Leza hupiga jiwe kwa mapigo, na nishati ya kila pigo hupimwa kwa jouli. Pigo la jouli 1, mara 10 kwa sekunde, ni wati 10. Pigo la nusu jouli, mara 20 kwa sekunde, ni wati 10 zilezile. Lakini la kwanza linapasua jiwe vipande vipande, la pili linalisaga liwe vumbi. Wati peke yake hazikuambii kitu.

Unyuzi unaopeleka mwanga wa leza hadi kwenye jiwe una unene wa robo milimita hivi, na mwanga wake humezwa na maji haraka. Ncha ikigusa jiwe, jiwe linachimbika. Ikirudi nyuma milimita chache, unapasha moto tu maji tunayopitisha ndani ya figo. Na joto la ndani ya figo likifika nyuzi 43 na kudumu hapo, nyama ya figo inaanza kudhurika. Anayepandisha wati bila maji ya kutosha kupita anachemsha figo ya mtu. Halafu kuna wakati vumbi linatifuka mle ndani kama mtama unaopepetwa, huoni jiwe wala ukuta. Unaondoa mguu kwenye pedali, unasubiri maji yasafishe. Leza mpya iitwayo thulium husaga laini kuliko ile ya zamani, holmium, na hailisukumi sana jiwe; naipenda, lakini nayo inataka subira hiyohiyo.

Kipande chako kiko sehemu ya chini ya figo, ambako kamera tunayoingiza kupitia njia ya mkojo lazima ikunjwe sana na vumbi halitoki kirahisi. Mara nyingi tunakinasa kwa kikapu cha waya, tunakihamishia juu, ndipo tunakivunja. Muulize daktari wako kuhusu hilo.

Sasa hiyo chupa. Yapo mawe yanayoyeyuka kwa dawa: ya asidi ya yuriki, kwa dawa ya kupunguza asidi ya mkojo, huku mkojo ukipimwa. Ya kalsiamu oksaleti, ambayo ndiyo mengi zaidi, hayayeyuki kwa dawa yoyote. Muuza chupa alikuuliza jiwe lako ni la aina gani? Hawaulizi. Wanakwambia maumivu yakiisha umepona, wakati jiwe linaweza kuziba njia, maumivu yakatulia, na figo ikaendelea kufa kimyakimya. Nawapokea wakiwa wamechelewa, figo imevimba, na hapo ndipo wanataka leza kali.

Mgonjwa mmoja alikaa na mrija miaka miwili kwa sababu aliambiwa mitishamba itautoa. Ncha zote mbili zilikuwa zimeganda mawe, kama kijiti kilichosahauliwa kwenye mashamba ya chumvi Lindi. Leza ilifanya kazi saa nzima juu ya plastiki kabla hatujaligusa jiwe lenyewe la figo.

Wako umefikisha miezi miwili, na kwa kawaida mrija hautakiwi kupita mitatu. Panga safari wiki hii. Najua maji yanavyotafutwa huko juu Newala, lakini kunywa hadi mkojo wa siku ufike lita 2 na nusu, hasa siku za kuanika korosho juani. Ukipata homa na kutetemeka, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali ya karibu usiku huohuo na uwaambie una mrija ndani.