Ukitaka kuitembea njia ya misafara, anzia Ujiji

Karibu kila anayepanga kuitembea njia ya zamani ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu huanzia Bagamoyo na kumalizia Ujiji. Wazungu waliopita huku na kuandika vitabu walikuja hivyo. Burton na Speke walifika Tabora mwaka 1857, wakati huo ikiitwa Kazeh, na Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Stanley naye alitoka pwani, akamkuta mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871. Ukiwafuata wao unaelekea machweo, na safari yako inaishia kwenye miembe ya makumbusho pale Ujiji.

Mimi ni mtu wa Kigoma, na nakushauri ugeuze: anza Ujiji, elekea Tabora. Watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi, wakashushwa hapa kwetu, kisha wakaswagwa kuelekea mashariki wakiwa na kongwa shingoni. Pembe za ndovu nazo zilikwenda huko huko, mabegani mwa wapagazi. Kama unaifanya safari hii iwe hija, unatembea ili kuwakumbuka watu, basi tembea walikoelekea wao. Wengi wao hakuna aliyeandika majina yao. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wanajulikana kwa sababu wao na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Walifika Tabora Oktoba 1873. Mwingereza Cameron, waliyemkuta hapo, akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea na mzigo wao mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Katika yote niliyosoma juu ya njia hii, hakuna kinachonigusa kama kule kukataa kwao.

Sasa tuje kwenye miguu, maana kugeuza njia kunabadilisha mambo mengi.

La kwanza ni jua. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Saa 12 asubuhi huku bado ni giza, na jua la utosi ni la saa 7 mchana. Ukitembea kuelekea Tabora, jua la asubuhi linakupiga machoni kuanzia linapochomoza mpaka kama saa 4, tena huo ndio muda ambao mguu una nguvu. Anayetoka Tabora anakuwa amelipa mgongo. Kwa hiyo chukua kofia yenye ukingo mpana mbele, siyo kapelo ndogo, na kwa jioni uwe na kanga au kitambaa cha kufunika kisogo, kwa kuwa jua litakuwa limehamia nyuma. Usijaribu kulikwepa kwa kutembea gizani. Malori hayakuoni. Ondoka kunapopambazuka, na tembea upande wa kulia wa barabara ili gari lije unaliona. Kuanzia saa 6 mpaka saa 10 kaa kivulini, kula, lala.

Kiangazi kuna upepo pia, na mara nyingi unatoka mashariki, yaani usoni kwako, pamoja na vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa. Leso ya kuziba pua ni lazima. Miezi mizuri ni Juni na Julai, ingawa usiku una baridi ya kukufanya utafute blanketi. Oktoba joto linatesa, na mvua zikishaanza Novemba mabonde ya Malagarasi yanajaa maji na mbu. Kwa vyovyote chandarua kiwemo kwenye begi.

La pili ni mwinuko. Ziwa liko kama meta 770 juu ya usawa wa bahari, Tabora iko karibu na meta 1,200. Kwa jumla unapanda, na sehemu kali unakutana nayo mwanzoni kabisa, misuli ikiwa bado haijazoea. Ukishavuka bonde la Luiche, lenye michikichi na mashamba ya mpunga, vilima vinaanza, na hapo ndipo watu wanapojiumiza kwa haraka. Siku za mwanzo tembea nusu ya unavyojiona unaweza. Kutoka Ujiji mpaka Tabora mjini ni kama kilometa 400 kwa barabara ya Kidahwe, Uvinza, Nguruka, Kaliua na Urambo. Hakuna cha kukimbilia.

Mzigo nao. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba hadi frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Alikuwa amezoea kazi hiyo tangu ujana wake. Wewe begi lisizidi kilo 8 pamoja na maji. Chakula cha njiani ninachokiamini kuliko biskuti zote ni karanga na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Kipande kimoja unakimumunya mpaka unaona kijiji kinachofuata. Shida ni kwamba ukitokea Kigoma unakuwa bado hujafika wanakoyatengeneza kwa wingi, kwa hiyo agiza mapema kwa mtu wa Tabora akutumie kwa basi.

Uvinza nakushauri ulale zaidi ya usiku mmoja. Chumvi inachemshwa pale kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 sasa, na misafara ilikuwa ikisimama kuinunua. Nunua ya mawe, iloweke kwenye beseni la maji ya vuguvugu, tia miguu jioni. Lengelenge usilitumbue ukiwa barabarani. Lifunge, na kama lazima litoke maji, fanya hivyo usiku kwa sindano uliyoichoma moto.

Baada ya Uvinza unauvuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete. Mtoni usiteremke kuoga, hata ukiwaona wavuvi wapo majini. Wao wanajua viboko na mamba wako wapi siku hiyo. Kutoka hapo mpaka Kaliua kuna vipande virefu vya miombo visivyo na nyumba, na mbung'o. Mbung'o anavutwa na rangi nyeusi na ya buluu, na anafuata kitu kinachotembea. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Ukiona mizinga ya nyuki ya magome imening'inia mtini, pita mbali bila kelele, na siku hiyo usijipake mafuta yenye manukato. Nyuki wa huku hawana mzaha.

Maji usikadirie kwa ramani ya simu. Muulize mwenye baiskeli anayetokea mbele yako, aliyebeba dumu la asali au mkaa, kwa sababu ametoka kupita pale unapokwenda. Tena usimuulize "ni mbali?" maana atakujibu "hapo tu" kwa kukutia moyo. Muulize ametoka kisimani saa ngapi, kisha muda aliotumia uuzidishe mara tatu, wewe ukiwa kwa miguu.

Kila kijiji unachotaka kulala, nenda kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji, ukiwa na kitambulisho chako cha taifa. Watu wa mpakani wana haki ya kukuuliza. Mzee mmoja kule Kazuramimba tulimsalimia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu. Mnatembea kwa miguu, na treni lipo?" Tukamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akamwita binti yake atuletee ugali wa muhogo na dagaa, akakaa nasi mpaka tukamaliza. Ukifika upande wa Unyamwezi asubuhi, anza na "mwangaluka" kabla ya kuuliza chochote. Utaona nyuso zinavyofunguka.

Urambo utayaona mabani ya kukaushia tumbaku, na kutoka hapo Tabora ni kama kilometa 90. Usiishie mjini. Pitiliza mpaka Kwihara, kilometa chache nje ya mji, kwenye tembe la kuta nene alikokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Fika mchana ili ukute mtu wa kukufungulia na kukueleza.

Mwenye nia ya kuendelea, mbele yake kuna Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya kabla ya Bagamoyo. Apumzike Tabora kwanza, siku za kutosha. Misafara nayo ilivunjwa hapa: wapagazi wengi walikuwa wamefika kwao, wakalipwa, wakarudi mashambani, na mwenye mali akatafuta wengine.