Barua kwa Mwanangu: Pa Kulaza Chombo Kati ya Tanga na Mikindani

Tanga, Novemba

Mwanangu Rashidi,

Baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, na mama yako mguu wake umepata nafuu. Barua yako nimeisoma mara mbili: ya kwanza kwa furaha, kwamba mashua uliyoinunua hapa umeamua kuipeleka Mikindani kwa tanga mwezi wa Januari badala ya kuipakia kwenye lori, na ya pili kwa kalamu mkononi. Umeniuliza ni wapi njiani unaweza kutia nanga na kulala bila kulipa ushuru na bila kukesha ukiogopa upepo, nawe ukaniorodheshea sehemu ulizokuwa ukinisikia nikizitaja tangu u mtoto, Msasani ya Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, ukitaka niandike ndiyo au siyo mbele ya kila moja.

Sikuweza kuandika hivyo, na kosa ni langu. Hadithi nilizokuwa nikikusimulia zilikuwa za safari za kurudi nyumbani, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa na furaha, na nyumbani tulikuwa tukirudi na kusi, upepo utokao kusini, mgongoni, kati ya Mei na Septemba. Sehemu ulizoandika, kwa hiyo, nyingi ni maficho ya kusi. Wewe unashuka na kaskazi, upepo utokao kaskazini. Pahali palipotukinga sisi na upepo wa Julai huenda ndipo patakapokuweka wewe uso kwa uso na upepo wa Januari, ingawa ni ghuba ile ile na mchanga ule ule.

Chukua hiyo Msasani. Rasi iko mashariki yake, bara iko magharibi, na mdomo wa ghuba unatazama kaskazini. Kusi ikivuma, mle ndani unaweza kupika chai bila kushika birika. Nikiwa baharia kijana nilipanda jahazi lililobeba chumvi kutoka hapa Tanga, na nahodha wetu, ambaye alizoea kulala Msasani nyakati za kusi, aliingia humo jioni moja ya Januari upepo ukiwa umelala, akatia nanga moja kwa amari, yaani kamba ya nanga, fupi kwa kuwa maji yalikuwa yamejaa na ufukwe ulikuwa karibu. Usiku wa manane kaskazi ikaamka. Mawimbi yakaingia ghubani bila kizuizi, nanga ikaanza kuburura, na kabla hatujawahi kutupa ya pili jahazi likawa limeshakaa mchangani, maji yakipwa. Likalala ubavu. Maji yaliporudi yaliingia ndani kabla chombo hakijainuka, na chumvi, mwanangu, ni shehena ambayo ikishaonja bahari hurudi ilikotoka.

Basi kabla ya kuangalia jina la pahali, angalia ramani ujiulize ardhi iko upande gani wa upepo utakaovuma usiku huo. Katika safari yako unatafuta ardhi au mwamba upande wa kaskazini na mashariki yako, yaani upande wa magharibi au wa kusini wa visiwa, na ndani ya mahori, yaani mikono ya bahari iingiayo bara, na midomo ya mito. Usihesabu mwamba kuwa ukuta kamili. Maji yakipwa mwamba huvunja mawimbi vizuri, lakini yakijaa hupita juu yake, nawe uliyelala saa nne usiku kama mtoto mchanga utaamshwa saa tisa ukirushwa huku na huku. Upepo wa alfajiri, umande utokao bara, huo usikutie hofu, kwani ni mwepesi na ndio utakaokutoa nje asubuhi.

La pili ni maji, na hapa nitarefusha kwa sababu katika barua yako sikuliona hata neno moja juu yake. Pwani yetu hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Siku hizo, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Mashua yako umesema sehemu yake iliyo ndani ya maji ni mita 1. Ukitupa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, saa kumi jioni ya bamvua ukapata mita 5, usifurahi, kwa maana saa nne usiku pale pale itabaki mita 1 na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, utakuwa unagonga chini. Amari nayo huhesabiwa kwa maji ya kujaa. Ukitia nanga saa nne asubuhi penye mita 3, ikifika saa kumi patakuwa na mita 7, na ukiongeza mita moja kutoka usawa wa maji hadi omoni, mbele ya chombo, ni mita 8. Mimi hutoa amari mara tano ya kina hicho, ambayo ni mita 40. Ile kamba ya mita 25 uliyoniandikia kwamba umeshaipata kwa bei nzuri itakufaa kwa kuanikia nguo.

Watu wengi huogopa bamvua kwa sababu ya mikondo yake. Mimi, kwa kuingia pahali nisipopajua, naipenda, na hesabu yake ni nyepesi. Siku za bamvua maji huanza kujaa saa nne asubuhi na huendelea kujaa hadi saa kumi jioni, kwa hiyo wakati jua liko juu na miamba inaonekana kwa rangi yake, kahawia, kijani, kisha buluu, maji nayo yanapanda. Ukikosea ukapanda fungu la mchanga, utasubiri kidogo na bahari yenyewe itakuinua. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka, yakawa yanapwa mchana kutwa, na aliyepwelewa saa saba atakaa hapo hadi usiku. Ukiweza, panga siku za kuingia sehemu ngeni ziangukie bamvua. Na usiingie popote pageni jua likiwa mbele ya macho yako, hata kama umechoka.

Kuhusu chini ya bahari, paka nta au mafuta mazito kwenye bildi ili ikuletee kilichoko huko. Mchanga mzuri ndio unaoutaka, na matope ya mikokoni hushika hata kupita kiasi. Penye majani ya baharini nanga huteleza juu yake na kukudanganya kwamba imeshika mpaka upepo uongezeke. Penye matumbawe usitie kabisa, kwani utavunja nyumba za samaki, na matumbawe nayo yatakata kamba yako kabla ya asubuhi.

Sasa njia yenyewe. Visiwa nitavipita haraka, kwa kuwa njia yako ni ya mrima, kandokando ya bara.

Usiku wa kwanza utafika Pangani, na ndani ya mto umekingwa na pepo zote. Mlangoni, hata hivyo, kuna fungu, na maji ya mto yanapotoka kwa kasi huku mawimbi ya bahari yakiingia, mahali pale huchafuka vibaya. Subiri nje hadi maji yawe yanakaribia kujaa ndipo uingie. Mtoni tia nanga mbili, moja ya kupokea maji yanayoingia na moja ya kupokea yanayotoka, maana mkondo utakugeuza usiku na nanga moja inaweza kujizungushia kamba na kung'oka.

Kutoka Pangani hadi Bagamoyo ni kama maili 60 za baharini, na katikati yake sioni pahali ninapoweza kupaita maficho wakati wa kaskazi. Saadani ni wazi. Bagamoyo kwenyewe ni wazi na maji ni machache, vyombo hukalishwa juu ya mchanga. Kwa mwendo wa maili tano kwa saa hayo ni masaa 12, kwa hiyo ama uondoke alfajiri sana, ama usafiri usiku kucha ukae mbali na ufukwe hadi Dar es Salaam. Huko, kwa mwezi wa Januari, ningekushauri uachane na Msasani uingie bandari kuu yenyewe kupitia mlango wake mwembamba, uripoti, ulipe watakachokuambia. Najua umesema bure. Kuna usiku ambao kulipa ndiyo nafuu.

Kusini ya hapo visiwa vinaanza kukusaidia. Upande wa magharibi wa Kwale, ile iliyo mbele ya Kisiju na siyo hii ya kwetu Tanga, utapata kivuli cha kaskazi. Kilindoni, kwa kuwa iko magharibi ya Mafia, kisiwa kizima hukukinga, lakini maji hupwa mbali sana na ufukwe, basi lala nje kidogo ukumbuke hesabu ya bildi. Songosongo ni pazuri pia. Tahadhari yake ni bomba la gesi lililolazwa chini ya bahari tangu 2004 kutoka kisiwani hadi Somanga, ambalo huna ruhusa wala sababu ya kutia nanga karibu nalo. Liangalie kwenye ramani ya karibuni, siyo kwenye ile yangu ya zamani uliyoichukua.

Kilwa ndiyo ninayokuonea wivu. Ule mlango kati ya Kilwa Kisiwani na bara una kina, una utulivu, na unakubali chombo kusi na kaskazi, na ukilala pale ukayaona magofu asubuhi utaelewa kwa nini watu walijenga mji pale na siyo pengine. Mimi kwa muda mrefu nilitumia magofu kama ramani: penye msikiti wa kale karibu na maji, mara nyingi palikuwa na pa kulaza vyombo. Ila ulizia kwanza, maana hori huzeeka kama mtu. Kaole ilikuwa bandari kabla ya Bagamoyo, na leo mikoko imejaa palipokuwa na maji.

Kutoka Kilwa hadi Lindi ni kama maili 60 nyingine, na Kiswere iko karibu katikati. Ingia hadi ndani kabisa, usiridhike na mdomoni. Sudi ina mlango mwembamba wenye miamba pande zote mbili, uingie mchana tu. Mikindani yenyewe unaijua kuliko mimi.

Neno hilo la bure linahitaji ufafanuzi. Bandari zenye mamlaka zina ada zake. Hifadhi za bahari nazo zina zake, na ni nyingi kuliko zamani: Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu tangu 1975, Ghuba ya Chole iko ndani ya hifadhi ya Mafia iliyoanzishwa 1995, na hata hapa kwetu, kuanzia 2009, sehemu kubwa ya bahari ya Tanga hadi Pangani imo katika hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, kwa hiyo visiwa vya Yambe na Karange tulikokuwa tukilala bila kumuuliza mtu sasa kuna wa kuulizwa. Palipobaki ni mbele ya vijiji, na huko hakuna risiti lakini kuna adabu. Shuka, nenda dikoni, wanakoshushia samaki, wasalimie wazee, useme umetoka wapi na unakwenda wapi, uulize pa kutia nanga. Watakuonyesha mahali pasipo na nyavu wala mitego ya madema, na mara nyingi watakuambia jambo ambalo ramani haina, kwamba kuna fungu jipya, au kwamba vile vigingi vinavyochungulia maji yanapopwa ni mashamba ya mwani ya akina mama. Usipitishe amari juu ya mashamba hayo. Ukiharibu kamba moja ya mwani, habari itatangulia mbele yako hadi kijiji kinachofuata, na huko hutapata hata maji ya kunywa.

Kila jioni kabla ya kulala, shika alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba, au taa mbili, na uziangalie tena baada ya saa moja. Zikiachana zaidi ya kuyumba kwa kawaida kwa chombo, nanga inatembea. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kila asubuhi na jioni. Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia Mei 2024, wakati ambao sisi wa zamani tungesema hakuna la kuogopa isipokuwa mvua, kwa hiyo usinitegemee mimi katika hilo.

Ile nanga yangu ya makucha manne iko ghalani, nyuma ya magunia. Ni ya akiba tu, mchangani haishiki vizuri; nanga kuu tafuta ya ubapa, ya kilo 15 au zaidi. Mnyororo wake umeliwa na kutu, usiutumie, nunua mpya wa mita 8 uunganishe na kamba ya mita 50. Ami yako amesema atakwenda nawe hadi Pangani kisha atarudi kwa basi. Nimemwambia akuache wewe mwenyewe uingize chombo mtoni, yeye akae tezini, nyuma ya chombo, anyamaze, ingawa kunyamaza kwake sina hakika nako.

Wasalaam,

Baba yako