Swali la lugha: Je, kila ndege ya jeshi ni "ndege ya kivita"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Tulipewa zoezi la kuandika habari ya Februari 2020, jeshi la China lilipopeleka madaktari Wuhan kupambana na korona. Niliandika: "Ndege wa kivita wa China aina ya Y-20 wametua Wuhan wakiwa na madaktari na dawa." Mwenzangu alibadilisha "wametua" kuwa "zimetua", mengine akayaacha. Nikitafuta majina ya ndege nyingine za jeshi la China, programu ya kutafsiri inaniletea "mpiganaji", "mshambuliaji" na "meli ya mafuta". Tuziiteje ndege hizi kwa Kiswahili?

JIBU: Marahaba. Nianze na neno ambalo mwenzako hakuligusa, "kivita", maana ndilo linalompotosha msomaji kuliko yote.

Ki- tunayoiweka mbele ya nomino baada ya -a unganifu hutaja namna au aina ya kitu, haimtaji mwenye kitu. Mambo ya mtoto ni yale yanayomhusu mtoto, lakini mambo ya kitoto yanaweza kufanywa na mzee wa miaka 60. Basi ndege ya jeshi ni ndege ambayo mwenyewe ni jeshi, hata ikiwa na viti laini na kazi yake kupeleka wakubwa mikutanoni. Ndege ya kijeshi ni ile iliyoundwa kwa shughuli za jeshi, ziwe zozote. Ndege ya kivita ni finyu zaidi, kwani hiyo imeundwa iingie mapambanoni na kupiga. Kila ndege ya kivita ni ya kijeshi, ila si kila ya kijeshi ni ya kivita. Y-20 yenye injini nne, tumbo lake limejaa wauguzi na maboksi ya dawa, ni ya kijeshi tu.

Usidhani hili ni jambo dogo la kuwasumbua wanafunzi. Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya aina ya Y-12, iliyotengenezwa Harbin, China, ilianguka karibu na Marsabit na watu 14 wakafariki. Ndani mlikuwa na wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikizozana. Ukiandika kwamba wajumbe wa amani walifia ndani ya "ndege ya kivita", umeibadilisha safari yao. Msomaji ataona bunduki na mabomu pale palipokuwa na watu wamekaa vitini wakienda kusuluhisha. "Ndege ya kijeshi", au "ndege ndogo ya uchukuzi ya jeshi", inasema kweli.

Sasa majina. Hapa Wachina wenyewe wanakusaidia, kwa kuwa wao huanza na kazi ya ndege kabla ya namba. Herufi unazoziona, J, H, Y, Z, ni vifupisho vya maneno ya kawaida kabisa ya Kichina. Kwao J-20 huandikwa Jian-20, na jian ni kuangamiza adui. H ni hong, yaani kupiga kwa mabomu. Y ni yun, kusafirisha. Z ni zhi, wima, kwa sababu helikopta wanaiita zhishengji, mashine inayopanda wima. Ukiijua herufi umeijua kazi, na Kiswahili kina muundo ule ule tangu zamani: ndege ya kufanya kazi fulani. Huna haja ya kuazima "mpiganaji".

Tena hilo la "mpiganaji" naomba ulikatae kabisa. Katika Kiswahili mpiganaji ana miguu na mikono. Andika "wapiganaji 20 wa China wamevuka mlangobahari wa Taiwan" uone msomaji wako atakavyoshtuka akidhani askari wa miguu wamepanda mashua. "Mshambuliaji" naye tumeshampa jezi namba tisa. Kiambishi m-wa kinatia uhai, na chombo hakina uhai huo. Kwa J-10, J-16 na J-20, "ndege ya kivita" inatosha katika habari za kila siku. Unapotaka kuitenga na ile ya mabomu, sema "ndege ya kupambana angani", kwa kuwa ndiyo kazi yake ya kwanza: kuzuia ndege za adui. Hivyo: J-20, ndege ya kupambana angani iliyoruka mara ya kwanza Januari 2011 mjini Chengdu. J-15 ina sifa ya ziada, inaruka na kutua juu ya manowari ya kubeba ndege, kwa hiyo nitaiita "ndege ya kivita ya manowarini".

Wasomaji wa Tanzania watakutana na J-7 katika sura nyingine. Ndege hiyo ilitokana na MiG-21 ya Urusi ya Kisovieti, na ilipouzwa nje Wachina waliibadilishia herufi ikawa F-7. F-7 za JWTZ na J-7 za China ni ukoo mmoja. Usiziandike kama aina mbili.

H-6 inataka maelezo kidogo. Ilitokana na Tu-16, nayo ya Kisovieti, na Mei 1965 ndiyo iliyodondosha bomu la nyuklia katika jaribio la China. Kwa ndege ile "ndege ya kudondosha mabomu" ni jina linalokaa sawasawa. Lakini H-6K ya leo hubeba makombora chini ya mabawa na kuyafyatua kutoka mbali sana, bila kupita juu ya shabaha. Je, bado ni ya kudondosha? Ndiyo maana napendelea jina fupi, "ndege ya mabomu". Halifungi namna ya kupiga, na kila msikilizaji wa redio analielewa. Usiseme "mlipuaji", kwani huyo kwa sasa ni mtu aliyejifunga mabomu. JH-7 imeunganisha jian na hong, kwa hiyo nawe unganisha: ndege ya kivita na mabomu. Wachina wameipa jina la Feibao, chui arukaye, na jina hilo ukilitaja litie ladha tu, lisichukue nafasi ya kazi.

Tukija kwenye hiyo "meli ya mafuta", programu yako imeshindwa kutofautisha bahari na anga. Ndege yenyewe ni YY-20. Y ya kwanza ni yun, ya pili ni you, mafuta. Vyombo vingi vya habari huiita "ndege ya kujaza mafuta angani", nami nimewahi kuandika hivyo mpaka nikagundua kwamba jina hilo halisemi nani anajaza na nani anajazwa. Hata J-20 inayosogea nyuma na kunyonya mafuta kwenye mpira inajaza mafuta angani, kama vile wewe unavyokwenda kituoni "kujaza mafuta" ingawa aliyeshika bomba ni mtu mwingine. Kauli ya kutendea inaliondoa tatizo: ndege ya kujazia nyingine mafuta angani. Ni ndefu, najua. Itaje kamili mara moja, kisha endelea na "ndege hiyo ya mafuta". Ila usigeuze maneno ukaandika "mafuta ya ndege", hayo ni yale yanayomiminwa ndani ya matangi.

Kauli hiyo hiyo inafaa kwa ndege za wanafunzi kama K-8: "ndege ya kufundishia marubani". "Ndege ya mafunzo" nayo ni sahihi, na ndiyo iliyozoeleka.

KJ-500 ni ile yenye kitu kama sinia kubwa la pilau juu ya mgongo. Ndani ya sinia hilo mna rada inayoziona ndege za mbali na kuwaongoza marubani wengine. Herufi zake ni kong na jing, anga na tahadhari. Nimewahi kusoma "ndege ya onyo la mapema", maneno ambayo kila moja ni Kiswahili lakini kwa pamoja hayamwambii mtu chochote. Sema "ndege ya rada". Ukiwa na nafasi, ongeza: "inayofuatilia anga na kuongoza ndege nyingine". Helikopta nazo zigawe kwa kazi: Z-10 ni helikopta ya mashambulizi, Z-8 hubeba askari na mizigo.

Zimebaki zisizo na rubani, kama GJ-2 ya mashambulizi na WZ-7 ya upelelezi. Wachina husema wurenji, yaani mashine bila mtu. Sisi tumechagua kumtaja rubani, neno lililokuwa la baharini kabla halijapanda angani, kwani rubani alikuwa mjuzi wa njia aliyeongoza chombo kisipande mwamba. Msomaji mmoja aliwahi kunibishia kwamba jina hilo si kweli, maana yupo anayeiongoza akiwa chini. Ana hoja, lakini "isiyo na rubani" inasema habari za ndani ya chombo, kama vile "nyumba haina mtu" isivyomaanisha kwamba haina mwenyewe. "Droni" pia ni neno zuri, fupi, limeshaingia. Angalia tu wingi: ndege isiyo, ndege zisizo. Hilo huwaponyoka wengi wanaposoma taarifa kwa haraka.

Na sasa ngeli, ambayo mwenzako aliisahihisha nusu. Ndege mwenye manyoya ana uhai, anakwenda na a-wa: ndege huyu ametua, ndege hawa wametua, ndege wangu. Ndege ya chuma inakwenda na i-zi: ndege hii imetua, ndege hizi zimetua, ndege yangu. Ukibadilisha kitenzi, badilisha na vyote vinavyoifuata nomino, wa iwe za, wakiwa iwe zikiwa. Sentensi yako iwe hivi:

"Ndege za uchukuzi za Jeshi la Anga la China, aina ya Y-20, zimetua Wuhan zikiwa na madaktari na dawa."

Ukiandikia Kenya, weka "Jeshi la Wanahewa". Yote mawili ni sahihi kwa wenyewe.

Zoezi moja la kufanyia nyumbani. Y-20 imepewa jina la Kunpeng. Katika ngano ya kale ya Kichina, Kun ni samaki mkubwa ajabu anayegeuka kuwa Peng, ndege ambaye mabawa yake ni kama mawingu. Kwa hiyo tunaweza kuandika: "Ndege huyu ameipa jina ndege hii." Maneno mawili ya ndege yamefanana herufi kwa herufi, na bado hakuna msikilizaji atakayechanganya, kwa sababu huyu na a- vinamtaja mwenye manyoya, hii na -i- vinataja chombo. Igeuze sentensi hiyo iwe wingi, kisha iwe katika hali ya kutendwa, unitumie.