Kuhesabu paa, chui na tembo kwenye eneo la km² 300: kazi kubwa ni wale usiowaona

Mkuu, kwa wanaoingia sasa nirudie swali lako kwa ufupi: eneo la kilomita za mraba 300, nusu msitu mnene na nusu vichaka na nyasi, watu sita, kamera za mtego 24 (zinazojipiga zenyewe mnyama akipita), miezi minne ya kiangazi. Unataka kujua paa na chui ni wangapi, tembo wanatumia sehemu ipi, na kama makazi yao yanaharibika. Mpango wako ni kuzunguka barabarani na gari jioni mkihesabu, na kufunga kamera zote kwenye sehemu za kunywea maji.

Mpango huo utakupa namba, ila haitakuwa idadi ya wanyama. Itakuwa idadi ya wanyama iliyochanganyika na urahisi wa kuwaona, na hakuna namna ya kuvitenganisha baadaye. Nyasi zikiungua mwakani mtaona paa wengi, mtaandika wameongezeka, kumbe ni walewale. Barabara nazo hazikupitishwa kwa bahati nasibu: zinafuata miinuko na sehemu kavu, na kuna wanyama wanaozipenda na wengine wanaozikwepa. Kwenye maji ni hivyo hivyo, hasa kiangazi.

Kwa hiyo gawanya kazi. Kila mnyama ana njia yake.

Paa wa upande wa vichaka: mistari ya kutembea

Hapa ndipo nitakaa zaidi kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu.

Kwanza fanya jaribio. Tembea kilomita 10 uone makundi mangapi. Tuseme umeona makundi 5. Ili makadirio yawe na mtawanyiko wa asilimia 20 hivi (yaani kosa la kawaida liwe asilimia 20 ya makadirio), gawanya 3, ambayo ni namba ya kawaida ya kupangia njia hii, kwa mraba wa 0.2, unapata 75. Hayo ndiyo makundi unayohitaji kuyaona. Kwa kasi ya makundi 5 kila kilomita 10, unahitaji kutembea kilomita 150. Ukiona jibu limekuwa kilomita 900, achana na njia hii mapema kabla hujamaliza posho za vijana.

Kilomita 150 zinapatikana kwa mistari 25 ya kilomita 3, kila mmoja ukitembewa mara mbili. Mahesabu yanachukulia mstari kuwa sampuli, si matembezi, kwa hiyo kurudia mstari mmoja mara kumi hakukupi sampuli kumi. Ukiwa na mistari mitano tu, hata ukiitembea mpaka soli ziishe, hutajua tofauti kati ya sehemu na sehemu. Ipange kwa gridi yenye umbali sawa, halafu sehemu ya kuanzia gridi ichaguliwe kwa bahati nasibu. Ielekee kukata mito na miteremko, isiifuate.

Watembezi watatu kwa timu: mmoja anashika dira na GPS, mmoja anatazama mbele na kwenye mstari wenyewe, mmoja anaandika na kupima. Saa 12 asubuhi hadi saa 4, mwendo wa kilomita moja hadi mbili kwa saa. Njia nzima inasimama juu ya sharti moja, kwamba mnyama aliye juu ya mstari au karibu nao kabisa lazima aonekane. Mkitembea wote mkiangalia pembeni, paa aliyelala mita tano mbele anatoroka bila kuandikwa na hesabu yote inashuka.

Mkiona kundi, msikisie umbali. Chukua kipimaumbali cha leza, pima hadi katikati ya kundi, pale lilipokuwa *kabla* halijashtuka. Kwa dira, pima pembe kati ya mstari na kundi. Umbali unaotakiwa ni ule wa pembemraba kutoka kwenye mstari: umbali uliopima mara saini ya pembe. Mita 60 kwa pembe ya digrii 30 ni mita 30. Ugonjwa wa kawaida ni kuandika pembe "sifuri" kila kundi linapokuwa mbele kidogo. Ukichora umbali wote kwenye grafu ya nguzo na nguzo ya sifuri ikawa ndefu kupita kiasi, ujue ni hilo, na makadirio yako yatapanda bila sababu. Nguzo zikirundikana kwenye 10, 20, 50 na 100, ujue watu walikuwa wanakisia na leza iko mfukoni. Nguzo ya kwanza ikiwa fupi kuliko ya pili, wanyama wanawakimbia kabla hamjawaona: punguzeni kelele, vaeni rangi tulivu, tembeeni pole zaidi.

Sasa hesabu. Tuseme kilomita 150, makundi 80, na programu (Distance, au vifurushi vyake ndani ya programu ya takwimu ya R) inasema upana halisi wa kuona ni mita 40 kila upande. Eneo mlilolipekua kwa ufanisi ni 2 × 150 × 0.04, yaani km² 12. Makundi 80 kwa 12 ni 6.67 kwa kilomita ya mraba. Wastani wa kundi ni paa 1.5, basi ni paa 10 kwa kilomita ya mraba, na kwenye km² 150 za vichaka ni 1,500.

Mtu aliyedai kwamba "tuliona kila kitu hadi mita 100" angegawanya 80 kwa 30, akapata paa 600. Data ni ileile, miguu ni ileile, na paa 900 wamepotea kwenye karatasi.

Kabla ya kuchambua, kata asilimia 5 hadi 10 ya makundi yaliyoonekana mbali kabisa. Yanaisumbua tu mikunjo ya grafu.

Chui: kamera mbili mbili

Madoa ya chui ubavu wa kushoto si sawa na ya kulia. Kamera moja kwa kituo itakupa mbavu za kushoto za chui sita na za kulia za chui saba, na hutajua kama ni saba au kumi na tatu. Kwa hiyo kamera 24 ni vituo 12.

Vituo 12 havitoshi kufunika km² 300 kwa mkupuo, na ukivitawanya sana chui jike anaweza kuishi katikati bila kupita kwenye kamera hata moja. Weka kila baada ya kilomita 2.5 hivi, halafu hamisha kwa vitalu vinne: vituo 12, siku 18, hamia kitalu kinachofuata. Jumla siku 72 na vituo 48. Usivuke sana hapo, kwa sababu hesabu inachukulia kwamba katika kipindi hicho hakuna aliyezaliwa, aliyekufa wala aliyehama. Miezi miwili hadi mitatu inavumilika. Mwaka mzima hapana.

Hapa njia za wanyama zinaruhusiwa, na hata barabara. Hesabu inamtambua kila chui na pale aliponaswa, haidai kamera zimewekwa kwa bahati nasibu.

Kufunga: sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita 3 hivi kutoka katikati ya njia, mbili zikitazamana lakini zikipishana kidogo ili mwanga wa moja usiipofushe nyingine. Elekeza kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua linaichokoza na unajaza kadi kwa picha za hewa. Fyeka nyasi na vijiti vyote mbele yake mpaka chini, maana unyasi mmoja unaotikisika kwenye jua la saa saba unapiga picha elfu kadhaa na kumaliza betri kabla chui hajapita. Kisha tambaa kwa mikono na magoti mbele ya kamera uone kama inakunasa. Kamera inayomnasa mtu aliyesimama inaweza isimwone mnyama wa chini.

Mwanga mweupe unatoa madoa safi usiku. Infraredi inampiga chui anayetembea akawa ukungu. Tarehe na saa zilingane kwenye kamera zote, na ukifika kituoni piga picha ya kwanza ukiwa umeshika ubao wenye namba ya kituo na tarehe. Kamera ikirudi kwenye mwaka wa kiwandani baada ya kubadilisha betri, ubao huo ndio utakaokuokoa. Kama kuna tembo au fisi, weka boksi la chuma. Siafu na mchwa hawazuiliki sana, kagua tu.

Watu wawili watambue madoa kila mmoja kivyake, ndipo walinganishe. Watoto chini ya mwaka mmoja waache nje ya hesabu. Halafu tumia modeli ya kunasa na kunasa tena inayozingatia mahali, yaani inayokadiria idadi kutokana na chui gani alinaswa tena na wapi. Usichukue tu "chui 13 gawanya km² 300", kwa sababu chui wa pembeni wanaishi nusu nje ya eneo lako. Ukiwa na matukio ya kunaswa tena chini ya 20 hivi, modeli itakupa jibu, lakini usiliamini.

Paa wa msituni

Msituni huwezi kupata makundi 75 kwa mguu, sahau. Usitumie pia picha zao kutoka kwenye kamera za chui, maana zile ziko kwenye njia na paa wadogo wa msituni huzikwepa njia hizohizo anazopita chui. Kazi ya chui ikiisha, chukua kamera 24, moja moja, ziweke kwenye nukta za gridi upande wa msitu, popote nukta iangukie, hata kama ni katikati ya miiba. Siku 20, kisha zihamishe kwenye nukta nyingine 24. Ukijumlisha na siku 72 za chui unafika 112, kwa hiyo ratiba imebana. Siku za kuhamisha zipangiwe watu wa ziada.

Hapa huulizi wangapi, unauliza ni sehemu gani ya msitu wanayoitumia. Gawanya siku 20 kuwa vipindi vinne vya siku tano. Tuseme mahali penye paa kamera inamnasa kwa uwezekano wa 0.3 kwa kila kipindi. Uwezekano wa kumkosa vipindi vyote vinne ni 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani 0.24. Robo ya sehemu zenye paa itaonekana tupu. Ukimwona kwenye nusu ya nukta, sehemu halisi anayotumia ni 0.5 gawanya 0.76, karibu asilimia 66. Bila hesabu hiyo unaweza kutangaza sehemu fulani ya msitu haina paa na ikaachiwa ukataji miti.

Tembo kwa mavi

Inawezekana, ila mtego wake uko sehemu moja. Unachukua marundo kwa km², unagawanya kwa marundo anayoacha tembo mmoja kwa siku, na tena kwa siku ambazo rundo linadumu. Marundo 1,200, marundo 18 kwa siku, siku 60: unapata tembo 1.1 kwa km². Kama kwa ukavu wa kwenu rundo linadumu siku 100, ni 0.67. Usikope namba ya mwingine. Miezi kadhaa kabla ya kuhesabu, na kwa nyakati tofauti, tafuta marundo mabichi, yawekee alama, urudi siku ya sensa uone yapi bado yapo. Kwa miezi yako minne na kazi iliyopo, mimi ningewaachia tembo alama ya "wapo/hawapo" tu kwenye mistari.

Makazi

Kwenye kila nukta ya kamera na kila mita 500 ya mstari, fanya kiwanja cha duara, nusu kipenyo mita 10. Miti pima unene kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, hesabu visiki na uandike kama ni vya shoka, msumeno au tembo. Nyasi tumia fremu ya mita 1 kwa 1, mara nne. Kivuli: angalia juu kupitia bomba jembamba mara 20, andika jani au anga. Pima pia sehemu ambako wanyama *hawakuonekana*. Bila hizo hujui wanachokichagua, unajua walipo tu.

Picha za setilaiti ni bure: Sentinel-2 ina pikseli za mita 10, Landsat mita 30 na inarudi nyuma miaka ya 1980. Linganisha mwezi uleule wa mwaka, la sivyo ukame utaonekana kama ufyekaji. Majivu ya moto na vivuli vya mawingu navyo hudanganya. Kagua ramani yako kwa nukta 50 za ardhini kwa kila aina ya uoto. Ramani ikikosea asilimia 10 na wewe unatangaza msitu umepungua asilimia 4, huna cha kutangaza.

Kabla ya kuripoti

Wale paa 1,500 wenye mtawanyiko wa asilimia 20, kwa uhakika wa asilimia 95 wako kati ya 1,020 na 2,210 hivi. Mwakani ukipata 1,250, usipige kelele za ujangili. Kwa usahihi huo tofauti inabidi ikaribie 780 ndipo useme kitu. Ndiyo maana mwenye hifadhi aulizwe *sasa*: ni upungufu wa kiasi gani utakaomfanya abadilishe doria au afunge malisho? Akisema asilimia 15 kwa mwaka mmoja, mwambie bajeti hii haiwezi kuuona. Miaka mitano ya kurudia mistari ileile, mwezi uleule, itamsaidia zaidi.

Vipimo vya GPS vya kamera na mapango ya chui visiwekwe kwenye ripoti ya wazi. Toa ramani ya miraba ya kilomita 10.

Fanya lile jaribio la kilomita 10 kwenye vichaka, halafu weka hapa idadi ya makundi na umbali wake wote, hata kama ni makundi matatu. Na utuambie mvua zinaanza lini huko, maana vitalu vya chui vinabadilika kama kitalu cha nne kitaangukia kwenye tope.