Molekuli zenye matundu: msomaji wa Dodoma anauliza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo form six hapa Dodoma, nimesikia kuna molekuli zina tundu ndani yake, mi najua matundu yapo kwenye mkaa na sponji. Na wanaposema matundu ya ngazi ngazi ndo nini? Af kisima chetu mtaani kina chumvi balaa, hizo molekuli zinaweza kuitoa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshaona yale matenga matupu ya kuku yanayorudishwa Singida juu ya basi? Basi molekuli yenyewe ndo tenga. Mwaka 2009 kundi la mkemia Andrew Cooper kule Liverpool, Uingereza, walitangaza matenga ya hivyo, unachanganya kemikali mbili, molekuli nne za hii na sita za ile zinajisuka zenyewe zinakuwa kizimba chenye madirisha manne. Gramu moja ya unga wake, eneo la ndani lilipita mita za mraba 600, yani zaidi ya viwanja vitatu vya voliboli, ndani ya kijiunga cha kwenye ncha ya kijiko!

Ila tenga moja halitoshi, mpangilio ndo kila kitu. Yakikaa dirisha kwa dirisha gesi inapenya toka moja kwenda jingine, yakikaa vibaya dirisha la huyu linazibwa na ukuta wa yule na uwazi wote ule haukusaidii kitu.

Sasa ngazi. Tundu la chini ya nanomita 2 (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni) linachagua vizuri, mpaka gesi za zenoni na kriptoni linazitenganisha, lakini ni jembamba, gesi inatembea kwa kujikongoja. Fikiria godauni la Kibaigwa limejazwa ukuta kwa ukuta bila kuacha njia, mchukuzi atafikaje gunia la katikati? Kwa hiyo unaweka na matundu makubwa, nanomita 2 hadi 50 au zaidi, ya kupitishia tu, na hizo saizi tofauti zikiwa pamoja ndo ngazi ngazi yenyewe. Na hapa matenga yana raha yake, yanayeyuka kwenye kimiminika cha klorofomu kama sukari kwenye chai (mkaa huwezi hata ukeshe), ndo maana 2012 kundi la Cooper wakayamimina yakiwa yameyeyushwa ndani ya chembe za silika (kitu kile kile cha mchanga) zenye matundu mapana, kimiminika kikikauka fuwele zinabaki humo humo.

Chumvi hapana. Hata mkaa unatoa harufu na rangi, chumvi inapita tu. Tafuta mashine ya RO (inasukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi), na mwambie mama kuchemsha kunaua vijidudu ila maji yakipungua sufuriani chumvi ndo inazidi kukolea.