Kabla Hamjatoa Simu Kupima Sekunde

Jana alfajiri, ukungu haujapanda, niliwakuta watatu kati yenu mmeegemea reli ya njia ya mazoezi, kila mmoja na simu mkononi kama makanga wanaohesabu abiria. Yule farasi jike wa kijivu akapita shoti, mkapiga kelele: "Hamsini na tisa!" Kabla ya chai, hata askari wa geti alikuwa anajua kwamba Derby, mbio kubwa za farasi wa miaka mitatu, imeshapata mwenyewe. Wakati huohuo jike mwenyewe alikuwa amesimama hatua ishirini nyuma yenu, mbavu zikipanda na kushuka, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kumtazama.

Nimeshika hatamu hapa kiwanja cha mbio cha Ngong, Nairobi, miaka mingi, na kila msimu wa Derby masaisi wapya, ninyi mnaotunza farasi, hufanya kosa lilelile. Ninyi mnanikera kwa sababu nawapenda. Basi sikilizeni.

1. Saa haina macho. Ukisikia sekunde, uliza kwanza: nani alikuwa juu, na ana kilo ngapi? Mvua ya masika ilinyesha usiku? Joki alikuwa ametulia au alikuwa akisukuma kwa mikono na miguu? Sekunde sitini na moja farasi akiomba hatamu zinanifurahisha kuliko hamsini na tisa za kuchapwa.

2. Mtazame na yule aliyekimbia naye. Hapa inabidi niseme yangu, ingawa nyapara mzima kujivua nguo mbele ya vijana si jambo jepesi.

Nilikuwa na umri kama wenu. Nilipewa dume la kahawia, kifua kama mlango wa ghala, na Derby ilikuwa siku kumi mbele. Trena akamtoa falongi tano, kama mita elfu moja, na farasi mwenzake. Dume langu likamwacha kwa urefu wa farasi wanne. Nilirudi nalo bandani nikitembea kama bwana harusi. Sikujiuliza kwamba mwenzake ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka likizo ya mguu, wala kwamba aliyempanda alikuwa mzee mzito, na langu lilipandwa na kijana mwepesi kama kuku wa kienyeji aliyetaka sifa.

Jioni ile nikakuta hori lina nusu ya chakula. Nikasema amechoka tu, kesho atakula. Kesho yake likawa na robo tatu. Sasa hapo, mtu mwenye akili angekwenda kwa trena mbio. Mimi nilikomba chakula chote nikakitia kwenye ndoo, nikampelekea yule farasi mzee wa kuongozea wenzake, ambaye wiki ile alinenepa mpaka tandiko likambana. Trena alipopita na kuuliza, "Amekula?" nikajibu, "Amelamba hori, bwana." Nikajibu hivyo asubuhi sita mfululizo. Tumbo likapanda juu kama la mbwa wa kuwindia, nami nikazidisha brashi. Manyoya yaling'aa, jamani! Mtu ungejitazama humo ukachana nywele.

Kwa nini nilificha? Kwa sababu nilishasema. Nilimwambia kila mtu kuanzia jikoni hadi kituo cha matatu kwamba dume langu halishindiki, na shemeji yangu alikuwa ameshamwekea dau pesa za mabati ya nyumba yake. Kukiri kwamba farasi hali kungekuwa kukiri kwamba mimi sijui. Nikaona heri farasi aumie kuliko jina langu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, sina namna nyingine ya kulisema.

Jumapili ya Derby alianza kulowa jasho hata kabla hajatandikwa, povu jeupe katikati ya mapaja. Mita 2,400 si mchezo kwa farasi wa miaka mitatu, ambao wengi wao hawajawahi kwenda mbali hivyo. Alipaa mwanzoni, akaongoza, watu wakanipigapiga mabegani. Zikiwa zimebaki falongi mbili alikwisha, kama taa ya chemli iliyoishiwa mafuta. Mbio zake alikuwa ameshaziacha kwenye mazoezi siku kumi nyuma, na kilichobaki hakikulishwa kitu. Akaingia wa mwisho ila mmoja.

Trena hakunifokea. Alikuja tukiwa tunamwogesha, akaweka kiganja ubavuni pa farasi, akakaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Aliacha kula lini?" Nikamwambia siku. Akatikisa kichwa akaenda zake. Ningependa sana angenizaba kofi. Shemeji naye mpaka leo, mvua ikinyesha, hunipigia simu kunijulisha inavyoingia ndani.

Kwa hiyo hori. Lisome kila usiku na kila alfajiri kabla hujalisafisha, na umwambie trena ulichokuta, hata kama ni punje.

3. Pumzi. Farasi hapumui kwa mdomo. Hewa yote ni ya puani, na akiwa shoti kila hatua ina pumzi yake moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hapa mapafu hayadanganyi. Msisimame wanapomalizia, simameni wanaposhukia wapandaji. Hesabu dakika mpaka ubavu utulie, ulinganishe na wiki iliyopita ya farasi huyohuyo, si ya jirani yake.

4. Miguu ishike kwa mgongo wa mkono, kila asubuhi, kabla hajatoka. Joto kwenye kano ni barua, ipeleke.

5. Fungua na mdomo. Mwaka 1973 Secretariat, farasi ambaye Marekani nzima ilimtegemea, alifanya mazoezi ya ovyo kisha akashika nafasi ya tatu katika mbio za Wood Memorial. Alikuwa na jipu mdomoni. Wiki mbili baadaye alishinda Kentucky Derby kwa dakika 1 na sekunde 59.4, rekodi ambayo haijavunjwa. Wenye saa walikuwa wameshamzika. Nikikumbuka hilo huwa najiuliza ni wangapi hapa kwetu tumewaita wavivu kumbe lijamu linawachoma.

6. Acheni kuwapigia mashemeji simu.

Yule jike wa kijivu, jana jioni nilipita bandani kwake. Siwaambii nilikuta nini ndani ya hori. Leo analishwa saa kumi na moja. Nendeni mkatazame wenyewe kabla mwenye zamu hajachukua ndoo.