Bomba la plastiki halikazwi kwa maji

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku Sikonge. Fundi wetu anaunganisha mabomba ya HDPE (polithini ngumu) ya milimita 110 kwa sahani ya moto inayoyeyusha ncha. Akishabana ncha mbili anahesabu dakika tatu, anakimwagia kiungo maji ya ndoo, anafungua mashine na kuhamia kingine. Anasema maji hukikaza, na kwamba hata kiwandani bomba hupozwa kwa maji. Tulipopima presha viungo vyote vilishika. Baada ya miezi miwili, vitatu vimeachia. Je, tumeuziwa mabomba feki?

JIBU: Ndugu katibu, kabla hamjamlaumu muuza mabomba, iangalieni hiyo ndoo. Kila kiangazi naikuta kwenye mitaro ya Tabora, na kila ninayemuuliza ananijibu vilevile: mhunzi akichovya panga kwenye maji, panga huwa gumu. Kwa chuma cha panga ni kweli. Kwa plastiki ni uongo, na nimechoka kuusikia.

HDPE ni minyororo mirefu mno ya molekuli. Ikiyeyuka, minyororo imevurugana kama uzi uliochezewa na paka. Ikipoa, sehemu zake hujikunja na kujipanga kuwa fuwele, vibapa vyembamba sana, na sehemu zilizobaki hukaa ovyo katikati zikishikanisha kibapa na kibapa. Fuwele zitakuwa nyingi au chache, nene au nyembamba, kutegemea joto lilipanda hadi wapi, lilikaa muda gani na lilishuka kwa kasi gani. Historia hiyo ya joto plastiki huibeba mpaka siku itakapoyeyushwa tena. Ndiyo maana sahani hupashwa nyuzi 200 hadi 220, ingawa HDPE huyeyuka karibu na nyuzi 130. Joto la ziada hufuta mpangilio wa zamani na kuilegeza minyororo ivuke kutoka ncha hii kwenda ile, kisha ijipange pamoja.

Sasa fundi anamwaga maji. Plastiki hupitisha joto kidogo sana, karibu mara mia chini ya chuma. Ngozi ya nje inaganda papo hapo, ikiwa na fuwele ndogo na chache. Milimita chache ndani bado ni uji wa moto. Uji huo ukija kuganda taratibu hutengeneza fuwele nyingi zaidi, na kwa kuwa minyororo ndani ya fuwele imebanana, kiungo kinasinyaa. Lakini ngozi imeshaganda, haiwezi kufuata. Ndani panabaki pamevutana, pengine na vitundu visivyoonekana kwa nje. Mashine hushikilia mbano wakati wote wa kupoa ili msukumo uufuate msinyao huo. Mwongozo wa Kijerumani wa kuunganisha plastiki kwa joto, DVS 2207, katika matoleo yake ya kabla ya 2015 ulitaka dakika 10 hadi 16 chini ya mbano kwa ukuta wa bomba wa milimita 7 hadi 12. Fundi wenu ametoa tatu.

Kipimo cha presha cha saa chache hakioni hilo. Mvutano uliofungiwa ndani hushirikiana na presha ya maji, ufa hutambaa kidogo kidogo, na miezi miwili baadaye mnaitana usiku.

Hoja ya kiwandani ina ukweli. Huko bomba hupita katika matangi marefu ya maji, likapozwa mzunguko mzima kwa kasi inayodhibitiwa. Hata hivyo mvutano hubaki. Kateni pete ya bomba jipya kwa msumeno, kisha ipasueni upande mmoja: itajikunja kwa ndani, ncha zisogeleane. Ile ni kumbukumbu ya maji ya kiwandani, mnaiona kwa macho. Ndoo inayomwagwa juu ya kiungo huongeza mvutano mwingine, usio sawa pande zote.

Na wanaofanya hivi si mafundi wa mitaro peke yao. Wapo wanaopasha bati kwenye jiko la mkaa bila kipimajoto na kuliita mashine. Wapo wanaoziba matenki kwa kisu cha moto. Wengine huyeyushia kipande cha polipropilini kwenye dumu la polithini. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160, fuwele zake haziungani na za polithini, na kiraka hubanduka kikiwa kizima. Wengine wanayeyusha chupa za maji ya kunywa na kushangaa kwa nini walichotengeneza kimekuwa cheupe na kinavunjika kama kigae. Plastiki ile ikipoa haraka hubaki angavu. Ikipoa polepole hujaa fuwele. Hakuna aliyewaambia, na aliyewafundisha alishachukua pesa yake.

Viungo vyote vilivyomwagiwa maji vikateni, hata ambavyo havijavuja. Msivipashe tena hapohapo. Ncha zichongwe upya hadi plastiki safi. Oktoba hii wekeni turubai juu ya mashine na mngoje zaidi ya dakika za mwongozo, maana juani kiungo hupoa polepole. Katibu, shika daftari mwenyewe: namba ya kiungo, saa ya kubana, saa ya kufungua.